Bakuli Lisilo na Matusi

Aliyekula kwa Bibi Nhạn bila kutukanwa hakula; alijaza tumbo tu. Hiyo ndiyo sheria ya kichochoro, na haikuhitaji kupigiwa kura.

Bibi Nhạn hupika tambi za mchele kwa nyama ya bata na machipukizi ya mianzi. Mgahawa wake ni sebule iliyofurika hadi barabarani. Viti ni vya plastiki, vifupi mno, magoti ya mteja hukaribia kugusa kidevu, hivyo kila anayekula pale huonekana kama anasali. Na ni haki kabisa, maana mchuzi ule unastahili ibada.

Wageni huambiwa "karibu". Wenyeji hutukanwa. Mzee Toản, fundi pikipiki wa pale kona, hutukanwa kila asubuhi, kisha huenda kazini akipiga mluzi.

Sasa sikia msiba uliompata Quyên, msichana wa kichochoro hikihiki.

Alikuwa ametoka kumaliza muhula wake wa kwanza shule ya bweni. Huko, mbele ya kabeji iliyochemshwa hadi ikakata tamaa, alikuwa akiota mvuke wa ile sufuria na sauti ya Bibi ikimuuliza, "We kifaranga, unakula au unaatamia?" Asubuhi ya kwanza nyumbani, hata begi hajafungua, alikimbilia mgahawani. Kosa lake ni kwamba alikwenda na sweta la shule lenye nembo kifuani, na mdomoni bado ana adabu za bwenini.

"Shikamoo, Bibi," alisema, kichwa kimeinama. "Naomba bakuli moja, kama si usumbufu."

Bibi Nhạn aliacha kumkatakata bata. Akalitazama sweta. Akatabasamu.

"Marahaba, binti Quyên. Karibu sana. Keti popote upendapo."

Vijiti vya kulia vya Mzee Toản viliganda hewani. "Binti?" alinong'ona. "Mjukuu wangu, umemfanya nini?"

"Sijui, Babu!"

"Mimi ananiita gunia la misumari. Binti! Mungu apishe mbali."

Quyên aliketi, moyo umemwanguka. Kwani mtu akiwa mgeni kwa Bibi Nhạn, atakuwa mwenyeji wapi tena? Bakuli lilikuja, nalo lilikuwa zuri kiasi cha kutia hasira: mchuzi wa rangi ya dhahabu, ngozi ya bata iking'aa, vitunguu vya majani vikielea juu kwa madaha. Nyama imepangwa kama maua ya harusi. Kwa wenyeji, nyama hutupwa tu bakulini.

Basi akaamua kutenda dhambi. Kabla ya kuonja, alimwaga mchuzi wa pilipili hadi bakuli likawa jekundu. Kwa kosa hilohilo Mzee Toản aliwahi kuambiwa akanywe oili ya injini.

"Unapenda pilipili?" alisema Bibi kwa upole. "Vizuri. Huchangamsha akili ya masomo."

Quyên alikusanya ujasiri wote wa ukoo wake.

"Bibi, naona huyu bata alikufa kwa njaa. Amekonda!"

Kichochoro kizima kiligeuza shingo. Hata paka alikatisha safari.

"Pole, binti," alisema Bibi, taya zimekaza. "Nitamweleza aliyeniuzia."

Ndipo akaingia bwana mmoja kutoka kusini, shati limepigwa pasi vizuri. Aliagiza, akaletewa, akaonja kijiko kimoja, akatafakari.

"Mama, samahani. Kuna sukari kidogo?"

Bibi Nhạn, kwa kuwa mgeni ni mgeni, alinyoosha mkono kulifikia kopo la sukari. Quyên hakukumbuka kusimama. Alijikuta tu amesimama.

"Sukari? We bwana, unajua mchuzi huu umeamka saa ngapi? Mifupa imeokwa, povu limeenguliwa kwa mkono mpaka mchuzi ukawa kama kioo, halafu wewe unataka kuufanya uji wa mtoto? Onja tena! Onja kwa ulimi, usionje kwa mazoea ya sukari ya kwenu kusini!"

Panga la jikoni liligonga kibao, pwaa!

"We!" Sauti ya Bibi ilitikisa vibao vya maduka. "Nani kakuajiri kutukana wateja wangu? Kazi hiyo ina mwenyewe! Keti! Tambi zinavimba na wewe unahutubia kama mwenyekiti wa mtaa! Na hiyo pilipili uliyomwaga, chura wewe! Nimejikaza mpaka meno yakaniuma, nikajisemea huyu sasa msomi, huenda matusi yangu yanamtia aibu. Bata amekonda? Umekonda wewe! Huko shuleni wanawalisha chaki?"

Akatwaa bonge la nyama, akalitupa katika bakuli la Quyên. Mchuzi ukaruka, ukalichafua sweta, nembo na yote.

"Kula, mwanaharamu mdogo!"

"Ndiyo, Bibi," alisema Quyên, akainamia bakuli kwa unyenyekevu. Pilipili ilimchoma hadi machozi yakamtoka, na kwa bahati nzuri hakuna aliyeweza kujua yapi yalikuwa ya pilipili.

Yule bwana wa kusini alikuwa ameonja tena, bila sukari. Akaonja mara nyingine. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, na mimi je?"

"Wewe karibu sana, bwana," alisema Bibi Nhạn kwa tabasamu. "Jisikie nyumbani."

Mzee Toản alimpigapiga begani kumpa pole. "Vumilia, ndugu yangu. Wewe njoo tu kila siku. Ipo siku."