Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Vidonge vilionekana siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwa sababu gauni la wifi yake Mama Pindo, fundi mwenzake, lilikatika kifungo. Wifi alinyoosha mkono kwenye meza ya Mama Pindo, akafungua kopo la bati, akachokora kwa kidole, akaibuka na vitu vyeupe vya duara.

"Mama Pindo, tangu lini vifungo vikawa havina matundu?"

Mama Pindo, aliyeitwa hivyo kwa jinsi anavyokunja mapindo yakanyooka, aliacha kukanyaga cherehani. Katika chumba kile cha kushonea walibaki mafundi wanne badala ya kumi, wamekalishwa mbalimbali kama watoto waliogombana, wote wakishona barakoa tangu gonjwa lile la kifua liingie.

"Virudishe, wifi."

"Si dawa zako za tumbo hizi? Mbona nyingi hivi?"

Zilikuwa za wiki tano. Mama Pindo alikuwa na ugonjwa wa utumbo mwaka wa sita sasa, ule ambao kinga ya mwili inaugeukia utumbo wa mwili huo huo na kuutia vidonda. Daktari alimweleza taratibu, maana yule daktari hana haraka: vidonge vinawalaza walinzi wako, wasikuume mwenyewe. Akavimeza, mwili ukarudi, na kazini akarudi. Kisha redio ikaanza kusema kila siku kwamba gonjwa jipya linawaonea wenye kinga dhaifu. Mama Pindo akakaa na shauri lake moyoni, hakumuuliza mtu. Aliona ni ujinga kuwalaza walinzi na mwizi yuko mtaani. Basi kila asubuhi, mbele ya mumewe, alipeleka mkono mdomoni, akanywa maji, na kidonge kikabaki kiganjani mpaka kazini.

"Nilitaka walinzi wa mwili waamke," alisema polepole.

"Na walipoamka wamemkamata nani?"

Mama Pindo alilivuta kopo kwake. Asubuhi ile peke yake alikwisha kwenda msalani mara saba, na sketi yake ilishikwa na pini mbili kiunoni.

"Kuna damu?" Wifi aliuliza, utani umemtoka.

"Ipo."

"Na kaka yangu anajua?"

"Akijua atanipeleka hospitali. Na gonjwa lenyewe liko huko huko."

"Nitapiga simu mimi, basi. Lakini kumwambia mumeo ni kazi yako, sitakushonea hiyo."

Kliniki ya tumbo ilikuwa inawaona watu kwa simu tu. Muuguzi alimsikiliza wifi, kisha akaomba apewe mgonjwa mwenyewe.

"Nani alikuambia uache?"

"Nilijiambia mwenyewe."

"Wewe ni wa nne wiki hii. Mngetuuliza kwanza, mama. Kesho saa tatu uwe hapa, daktari akuone, tupime damu. Utumbo ukitoboka hautasubiri gonjwa lipite."

Jioni alimwambia mumewe kwamba tumbo limerudi. Lililolirudisha hakulitaja.

Kesho yake walifika pamoja kwenye geti la hospitali. Mumewe alizuiwa nje ya kamba. Mlinzi alikuwa na karatasi na kalamu.

"Homa?"

"Hapana."

"Kikohozi?"

"Hapana."

"Kuharisha? Nako wanasema ni dalili."

Kulia ulikuwa mlango wa kliniki, hatua ishirini tu. Kushoto lilikuwa hema la wanaoshukiwa kuwa na gonjwa, na ndani yake mtu alikuwa anakohoa bila kupumzika. Neno moja la uongo lingempitisha kulia. Ulimi ulikuwa tayari umezoea. Lakini akawaza hao watakaopima damu yake, na watakayoyaandika kitabuni mwake, akachoka kuficha.

"Ndiyo. Ila si gonjwa mnalolitafuta hili. Nina ugonjwa wa utumbo, niliacha dawa."

"Mama, karatasi yangu ina ndiyo na hapana." Akaonyesha hema.

"Uliacha?" Mumewe alishika kamba. "Uliacha lini?"

"Wiki ya tano hii."

"Na mimi nasimama pale kila asubuhi nakutazama unameza."

Mama Pindo aligeuka kushoto. Aliingia hemani, akachagua kiti cha mwisho, palipokuwa na upenyo wa hewa, akampigia muuguzi.

"Nimefika. Wameniweka hemani."

"Loo. Nilisahau kuacha jina lako getini. Usiguse kitu, nakuja kukutoa. Nivae tu mavazi ya kinga."

Akaweka simu mapajani. Kila mara mtu alipokohoa, alizuia pumzi, akahesabu mpaka kumi, huku akichungulia mlango wa kliniki kupitia ule upenyo.