Jina Alilolibana kwa Meno

Umewahi kumwona mtu akikaanga kahawa mpaka ikawa makaa, naye amechutama papo hapo anaitazama? Basi Wubalem alikuwa hivyo asubuhi ile ya baridi kule Debark, mji wa milimani. Moshi ulijaa chumba kizima, na mwiko alikuwa ameushika tu, hakorogi.

"Shoga," jirani yake Etagegn alisema akikohoa mlangoni, "hiyo kahawa unaichoma au unaizika?"

Mara akaona neno lake limeangukia wapi. Akajitia kurekebisha shuka lake jeupe mabegani, akaenda zake bila kunywa.

Maana Wubalem alikuwa amezika. Au tuseme alizikiwa, kwa kuwa yeye hakuwepo. Katika kanisa lao mtoto wa kike hubatizwa siku ya themanini, na kabla ya hapo mama yake haingii kanisani. Binti yake alikufa siku ya sabini na moja. Kanzu ndogo ya ubatizo ilikuwa tayari, imebaki pindo la mkono mmoja. Mumewe, Demissew, alimfunga kichanga katika kitambaa, akampeleka nje ya ua wa kanisa, akachimba mwenyewe. Asiyebatizwa hasomewi sala za maiti, hana arubaini. Majirani walikuja, wakatafuna ngano ya kuchemsha, wakasema Mungu atakupa mwingine. Tangu hapo hakuna aliyemtaja tena, kana kwamba hakuna mtoto aliyewahi kulia katika nyumba ile.

Miezi mitatu ikapita. Wubalem halii, hasemi. Jua humkuta ameketi, likamwacha ameketi.

"Mke wangu ana kitu," Demissew alimwambia Aba Tekeste, padri anayewaungamisha, mwenye mke kama mapadri wengi wa kwao. "Mtu hununa, kesho akacheka. Huyu hata kunitukana hanitukani."

Aba akasema ni pepo, akaamuru siku saba za maji ya baraka.

Chemchemi yenyewe iko bondeni, na maji yake ya alfajiri huuma mpaka kwenye mfupa. Wubalem alisimama na gauni la ndani tu, ndoo baada ya ndoo ikimshukia utosini. Siku ya sita Aba alimkandamiza msalaba kwenye paji la uso.

"Taja jina lako, wewe uliyemkalia!"

Ndivyo pepo anavyoulizwa pale; akijitaja, anatoka. Lakini Wubalem alikuwa na jina moja tu kinywani, limekaa hapo miezi mitatu, na alijua akilitoa watalifukuza kwa maji na fimbo. Akabana meno mpaka ufizi ukatoa damu.

"Pepo sugu huyo," wakasema watu waliokuwa kwenye foleni.

Siku ya saba wakamrudisha nyumbani vile vile alivyokuja, na kikohozi juu yake.

Basi asubuhi hii ya kahawa, moshi haujaisha kutoka, Aba Tekeste akaingia. Alikuwa amekutana na Etagegn njiani. Akajishusha taratibu kwenye kigoda, kwa magoti yake mabovu.

"Mimina, mwanangu."

"Imeungua, Aba."

"Nimeinusa tangu barabarani. Itwange, uichemshe, umimine."

Akanywa, uso ukamkunjamana. "Marehemu mama mkwe wangu angeisifu hii. Alifanana nayo kwa ukali."

Wubalem hakucheka, naye Aba hakungoja acheke. Wakanywa vikombe vitatu kama ilivyo desturi, wala Aba hakuutoa msalaba wake.

"Mfungo mkuu wa kabla ya Pasaka unaujua," alisema mwishowe. "Siku hamsini na tano, siagi hakuna, maziwa hakuna. Umeona mtu akiufukuza?"

"Hapana."

"Tunauingia. Tunakula dengu, tunachoka, tunakuwa wakali, na siku zinakwenda. Hili lako mimi nililifukuza kama mbwa mwizi. Nilikosea. Naona ni mfungo, ila haukutangazwa kanisani."

"Unaisha lini?"

Lilikuwa swali lake la kwanza kwa miezi mitatu.

"Sijui. Kalenda yake sina. Lakini mfungo haufungwi na mtu mmoja. Kila Ijumaa nitakuja ninywe makaa yako."

Jiwe lililomkaa Wubalem kifuani halikuondoka. Lilikuwa pale pale, zito vile vile. Demissew akafika na mzigo wa kuni, akamwona padri, akasimama mlangoni bila kuutua.

"Siku ya sita," Aba alisema, "nilikuuliza jina, ukabana meno. Ulitaka kusema nini?"

Wubalem alimtazama mumewe, kisha akatazama mashapo ya kahawa ndani ya kikombe.

"Enanu," alisema. "Mwanangu anaitwa Enanu. Nataka umwombee, Aba, kwa jina hilo hilo la nyumbani, maana la ubatizo hana, hata kama ni nje ya ua."