Difu ya Aila Koskimäki

Aila Koskimäki alikuwa kando ya uwanja wa mashindano ya magari, ameshika soseji mkononi, haradali ikimchuruzika kidoleni, kipaza sauti kilipotangaza kwamba gari namba arobaini na moja limepata mnunuzi. Gari hilo lilikuwa lake: Korola ya njano ya mwaka 1976 aliyoachiwa na marehemu mama yake. Mnunuzi alikuwa shemeji yake Raimo, mume wa mdogo wake.

Hebu tumwone kwanza huyo Raimo. Theluji ilipoanza kuyeyuka alikuwa ameketi jikoni kwa Aila, anatafuna mkate wa iliki uliookwa na Aila, anakunywa kahawa ya Aila, na anamcheka Aila.

"Unajisumbua nini, shemeji? Ichomelee hiyo difu ndani, mambo yaishe. Nusu saa tu, tena bure."

"Nikiichomelea, magurudumu ya nyuma yatalazimika kuzunguka sawasawa hata kwenye kona. Ekseli itakatika."

"Basi nunua mpya."

"Mpya inaizidi bei gari lenyewe."

"Si ndiyo nakwambia uchomelee! Mtu mzima una miaka hamsini na sita, difu ya mabingwa ya nini?"

Ya nini! Kila aliyewahi kuendesha gari la zamani kwenye tope anajua ya nini. Difu ni gia za nyuma zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, na ya kawaida huipeleka kwa gurudumu lenye kazi nyepesi. Ukiingia kona, gurudumu moja linazunguka bure na kurusha matope, la pili limetulia kama mgeni wa siku ya kwanza. Aila alitaka difu yenye sahani za kubana ndani yake, ili magurudumu yote mawili yafanye kazi. Na alitaka ya bei nafuu, kwa sababu ya kanuni.

Kanuni yenyewe ni hii. Katika mashindano haya ya watu wa kawaida huko Finland, fainali ikiisha, kila gari lililokimbia lina bei moja ndogo iliyopangwa, na dereva yeyote aliyeshiriki anaweza kuomba kulinunua. Mwenye gari hakatai. Akikataa, leseni yake ya mashindano inachukuliwa. Kanuni hiyo iliwekwa ili tajiri asije akamwaga fedha kwenye gari na kuwadhulumu wenzake. Aila alikaa kwenye kamati ya klabu miaka kumi na mmoja akiitetea. Mwaka juzi fundi mmoja alilia mezani akitaka kubaki na gari lake, na Aila ndiye aliyemsukumia kalamu.

Basi Aila akaitafuta difu hiyo mwenyewe, miezi mitatu, kwenye yadi za vyuma chakavu kuanzia Seinäjoki hadi Kokkola. Muuzaji mmoja alimwinulia mhimili wa nyuma juu ya magogo, akazungusha gurudumu moja, na la pili likafuata upande uleule. "Umeona, mama? Inabana hiyo!" Aila akapiga magoti, akalibana gurudumu moja kwa mapaja yake, akamwambia azungushe lile jingine. Difu ya sahani halisi ingekubali kwa kinyongo, ikiteleza kidogo kidogo. Hii haikusogea hata unywele.

"Umeichomelea, bwana. Usinifanye mtoto."

"Aa, niliinunua hivyohivyo..."

"Basi na wewe ulifanywa mtoto."

Aliyoipata mwishowe ilitoka kwenye pikapu kuukuu iliyooza nyuma ya banda la ng'ombe. Sahani zilikuwa zimelika. Aila akatia mpya, akaifunga, akaona inabana mno, akaifungua. Mara ya tatu ikakaa. Gharama yote haikufika bei ya matairi manne ya barafu, na mikono yake ilinuka mafuta hadi kanisani.

Kosa lake alilifanya leo, tena ni kosa ambalo kila mtu kwenye uwanja ule hufundishwa mapema. Ukiwa mbele sana, legeza mguu. Maliza gari likikohoa, watu waseme umebahatisha, wasilitamani. Aila alisahau. Kwenye kona ya misonobari gari lilishika tope na kutoka bila kuyumba, naye akacheka peke yake ndani ya helmeti na kukanyaga mpaka mwisho. Alishinda kwa nusu ya uwanja. Raimo aliyekuwa wa nne aliona kila kitu.

Sasa soseji aliitupa. Alifika mezani kwa katibu, mzee Pentti, uso umemwiva. Fomu ilikuwa tayari imeandikwa.

"Raimo, huna haya?"

"Kanuni ni kanuni, shemeji. Si maneno yako hayo?"

"Ni yangu, na kesho nitayasema tena! Lakini iliwekwa kumlinda asiye na kitu, si kumlisha mvivu! Ulikula mkate wangu ukanicheka!"

"Mkate ulikuwa mtamu," Raimo alisema, na watu wawili waliokuwa nyuma yake wakaangua kicheko. "Kwanza hilo gari ni kutu tupu. Nitang'oa difu niitie kwenye langu, mengine yaende chakavu."

Gari la mama, chakavu. Pentti alitazama meza, akasema taratibu, "Aila, unajua nikiandika umekataa itakuwaje."

Alijua. Akatia sahihi.

Raimo akakunja nakala yake. "Mafuta ya difu ninayo. Lipo dumu zima la trekta pale bandani, litatosha difu kumi."

Aila alijua mafuta yale yangezitafuna sahani zake kabla mashindano mawili hayajaisha, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kutomwonya, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Halali yake Raimo kabisa. Raimo alikwisha geuka kuondoka.

"Njoo hapa!" Aila alifoka hata Pentti akashtuka. Akamnyang'anya ile karatasi, akaandika nyuma yake jina la mafuta na kipimo chake, akikandamiza kalamu mpaka ikatoboa. "Haya tu, si mengine. Na kilomita mia za kwanza uende polepole, sahani zizoeane. Mimi sitaki kukuona nyumbani kwangu, Raimo, lakini hiyo difu usiniulie."