Ukurasa wa Kumi na Tisa

Kurasa kumi na nane zilikuwa mezani, zimepigwa pasi. Wa kumi na tisa, ule wa mwisho, ndio uliomkosesha Bibi Kristiana raha.

Marehemu mumewe, mwalimu Modesti, alitunga mchezo wa kompyuta usio na picha hata moja. Unasoma maneno, unaandika unachotaka kufanya, nayo kompyuta inakujibu. Aliutunga kwa Kiswahili kwenye kompyuta pekee ya shule, kisha akachapa karatasini msimbo wote, yaani maelekezo yanayouendesha mchezo. Disketi alizouhifadhia zilishaliwa na ukungu. Na zile karatasi? Kristiana mwenyewe aliwagawia wanakwaya wafunikie vitabu vya nyimbo, akidhani ni takataka.

"Mama, bila huo mmoja mchezo unagoma," alisema binti yake Herieth, mwenye duka la steshenari mtaa wa Majengo, ambaye alikuwa ameuandika msimbo upya mstari kwa mstari. "Unafika mlangoni kwa mtu, basi. Nitunge mwisho wangu?"

"Wako utautunga siku yako. Mimi namtaka baba yako."

Alikuwa amebaki mwanakwaya mmoja tu asiyeulizwa. Asubuhi Kristiana akamfuata huko Mpui, akamkuta Monika uani kwake akipepeta ulezi.

"Mama Herieth! Umefuata ulezi au umbea?"

"Nimefuata jalada la kitabu chako cha nyimbo."

Monika alicheka hadi akaweka ungo chini. Kitabu kilikuwa na majalada matatu: kalenda ya parokia, gazeti, na chini kabisa karatasi ya kompyuta yenye vitundu pembeni, imegandishwa kwa uji. Kristiana akapeleka ukucha aibandue.

"Wee! Utaichana. Mwalimu alinifundishia wanangu wanne, bwana. Ngoja."

Monika akabandika maji jikoni, akakishika kitabu juu ya mvuke, akabandua kidogo kidogo. Ikapita saa nzima. Huko uani kuku waliuvamia ulezi. Kristiana aliwaona, akaona pia kwamba Monika amewaona na hakuinuka.

Kesho yake Herieth alimaliza kuandika mistari iliyobaki, akamsogezea mama yake kiti.

"Cheza wewe. Mimi nimeshauona mwisho, sisemi."

Kristiana akabonyeza kwa kidole kimoja. Akapita shamba la mahindi, akavuka kijito, akafika mlangoni.

*Fungua mlango*, akaandika.

*Mlango umefungwa.*

*Sukuma mlango.*

*Nyumba ya watu haisukumwi.*

"Huyo ni yeye kabisa!" Kristiana akasema. Akafikiri kidogo, kisha akaandika: *Hodi.*

*Karibu. Kristiana yuko jikoni anakoroga uji wa ulezi. Keti. Hapa haondoki mtu bila kula.*

Aliyasoma mara tatu, midomo ikicheza. Herieth alimshika bega.

"Chapa nakala mbili," Kristiana akasema hatimaye. "Moja ya Monika. Nitampelekea na debe la ulezi. Wake uliota mbawa kwa ajili yetu."