Waliomwombea Nezu Anawiri

Saa nne kasoro dakika ishirini, siku ya Jumanne, Nezu Morihiko aliketi mbele ya dawati namba sita katika ofisi ya ajira mjini Niigata, mkononi ana kikaratasi cha foleni. Upande wa pili wa dawati, mshauri wake, Bi Hirose, alikuwa akiitazama picha iliyobandikwa kwenye fomu ya wasifu. Picha hizo zina vipimo vyake, upana sentimita tatu na urefu sentimita nne. Nywele za Nezu zilianzia ndani ya picha na kuishia nje ya picha.

"Bwana Nezu, hili si tulishalizungumza?"

"Nilizikata Jumapili."

"Na hizi?"

"Hizi za jana. Jana nimeombewa mara mbili."

Hirose aliandika kwenye faili: mara mbili. Alikuwa binti wa miaka ishirini na tisa, mwenye mwandiko mzuri, na kazi ile ilikuwa imemwonyesha mengi.

Kampuni za huko hazimwambii mtu kwamba hatakiwi. Zinamwandikia barua ya kumshukuru kwa kuomba kazi, zinasikitika mistari miwili, kisha zinafunga kwa sentensi ileile miaka nenda miaka rudi: tunakuombea uendelee kunawiri. Ndiyo maana mtafuta kazi akisema "nimeombewa", jirani hamuulizi na nani, anampa pole. Wengi huombewa na mambo yakaishia hapo. Dua za Nezu zilikuwa zinapokelewa. Kampuni thelathini na nane zilikuwa zimemwombea anawiri, na kwa kuwa hakuwa na kazi ya kunawiria, zilinawiri nywele. Kila barua, shubiri moja. Alijaribu kutozifungua bahasha, na haikusaidia kitu.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Kwa miaka ishirini na saba alisahihisha maandishi katika kiwanda cha kuchapa lebo za vyakula, kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha moja. Herufi iliyopungukiwa na kistari aliiona kabla hajavaa miwani. Nywele zilimfika mabegani tangu ujana wake, naye alizipenda, na hakuna lebo hata moja iliyolalamika. Kisha kiwanda kikafungwa, wakati wa kiangazi, na ikabidi atoke nje atazamwe na watu.

"Tatizo ni seiketsukan," Hirose alisema.

Neno hilo si usafi. Usafi mtu huupata bafuni. Seiketsukan ni ile hisia ya usafi anayoipata mwenzako akikutazama. Imo machoni mwake yeye, na huko sabuni yako haifiki. Nezu alioga asubuhi na jioni, lakini hakuwa nayo. Shemeji yake aliogopa maji kama paka majira ya baridi, ila alikata nywele kila baada ya wiki mbili, naye alikuwa nayo tele. Nezu alipolifikiria jambo hilo damu ilimchemka.

Hirose alimsukumia tangazo. Kiwanda cha biskuti za mchele, vituo vitatu tu kwa treni kutoka kwake, kilihitaji msahihishaji wa lebo. Mstari wa mwisho ulisema: *Umri si kigezo. Ni mahali ambapo wafanyakazi wa miaka ya ishirini na thelathini wanang'ara.*

"Umri si kigezo," Nezu alisoma.

"Sheria inawakataza kusema ni kigezo."

"Sasa hao wanaong'ara wanafanya nini hapa?"

"Wanang'ara tu, Bwana Nezu. Wewe kata nywele."

Nyumbani, mkewe Sanae alizikata bafuni kwa mkasi wa jikoni. Sanae alipika kwenye jiko la vyakula vya kufungasha kila asubuhi, na tangu kiwanda kifungwe alisimama pia kwenye duka la dawa kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa nne usiku. Magoti yalikuwa yamemvimba. Nezu aliyaona kila alipovua soksi, na hicho ndicho kilichomuuma kuliko barua zote thelathini na nane. Alitaka kazi ili yale magoti yapumzike. Zaidi ya hapo hakuwa na makuu.

"Tulia, bwana wee. Unatikisika kama kondoo."

"Mfuko umejaa?"

"Wa tatu huu. Mwenyekiti wa mtaa ameniuliza jana kwa nini takataka zetu za Ijumaa ni nywele tupu. Nikamwambia mume wangu anapendwa na makampuni."

"Akasemaje?"

"Akasema kijana wake naye aliombewa sana mwaka jana, ila yeye ziliota kucha."

Kiwanda cha biskuti kilipiga simu Jumatano iliyofuata. Sauti ya upande wa pili ilisema uzoefu kama wa Nezu ndio hasa uliokuwa ukitafutwa, aje Alhamisi ya wiki ijayo. Nezu akafanya hesabu yake. Alikuwa na maombi matano mengine ya kazi yaliyokuwa bado hayajajibiwa, na yoyote kati ya hayo lingeweza kumletea dua asubuhi ya usaili. Alizipigia kampuni zote tano akaondoa jina lake. Hirose alimwambia huko ni kuweka mayai yote kwenye kapu moja. Sanae naye hakuwa mtu wa kusubiri mbivu na mbichi zijulikane. Jumatatu alimwambia meneja wa duka la dawa kwamba mwisho wa wiki ndio mwisho wake.

Alhamisi, Nezu alitoka nyumbani na nywele za sentimita mbili. Shingo yake, ambayo haikuwa imeona upepo kwa miaka thelathini, ilisikia baridi njia nzima.

Msaili aliitwa Aizawa, mkuu wa wafanyakazi, miaka thelathini na minne. Alimpa Nezu karatasi yenye lebo kumi na mbili na kumwambia kuna makosa matano. Nezu alipata saba. Aizawa aliyahesabu mara mbili, kisha akaita mtu wa chumba cha pili aje aone, na wote wawili wakacheka kwa furaha. Mojawapo ya yale mawili ya ziada lilikuwa tayari limeshachapwa.

"Tungekuwa na wewe mwaka jana," Aizawa alisema, "tungeokoa maboksi elfu tisa."

"Mtakuwa nami mwaka huu."

"Na muonekano, nitakuambia wazi, nimefurahi. Picha ilikuwa imetutia wasiwasi kidogo."

Aliigeuza fomu. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kama inavyotakiwa, kwa hesabu ya miaka ya mfalme: Showa, mwaka wa arobaini na saba. Waliozaliwa baada ya mfalme huyo hawaijui hesabu yake kichwani. Aizawa aliteremsha mkono chini ya meza, akaanza kuhesabu kwa vidole. Aliendelea kutabasamu. Nezu alisikia kitu kinagusa ukosi wa shati lake.

"Tutawasiliana nawe ndani ya wiki moja," Aizawa alisema.

Nywele zilikuwa mabegani.

"Bwana Aizawa, umri si kigezo, sivyo?"

"Hata kidogo. Sheria iko wazi." Aizawa aliinamisha kichwa kwa heshima. Nywele zilipita kwapani.

"Basi niambie hukumu yako sasa hivi, nami nitakushukuru. Ninachokusihi ni kimoja, usiniombee."

Aizawa alionekana kuumia kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alisema barua ina muundo wake, umewekwa na makao makuu, na kumkataa mtu bila kumwombea ni ukosefu wa adabu. Mama yake mwenyewe asingemsamehe. Tena, alisema, yeye humwombea kila mtu kwa moyo wake wote, hata kabla barua haijaandikwa.

"Nimeona," Nezu alisema.

Aliinuka, akainama mpaka chini, akaokota nywele zake zisikanyagwe mlangoni.

Simu ya Hirose ilimkuta kwenye jukwaa la treni. Kiwanda kilikuwa kimeshatuma taarifa ofisini, maana fomu ya ofisi ina nafasi ya kujaza sababu.

"Wameandika nywele ndefu," Hirose alisema.

"Nilipoingia zilikuwa fupi!"

"Najua."

"Wao ndio waliozirefusha, Bi Hirose! Mle ndani, mezani, akihesabu miaka yangu kwa vidole!"

"Najua, Bwana Nezu. Kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika hilo." Kitu kilisikika kikigonga karatasi. "Nimepiga muhuri. Samahani."

Nezu alisema maneno ambayo asingeyapitisha kwenye lebo yoyote. Bibi mmoja jukwaani alimsogezea mkoba wake ili nywele zipate pa kukaa.

Sanae alikuwa ukumbini, ameshika kiatu cha kazini. Alimtazama mumewe kuanzia kichwani mpaka kiunoni.

"Sababu?"

"Nywele."

Alicheka mara moja tu, akakitupa kiatu ukutani. Kisha akachukua simu, akampigia meneja wa duka la dawa, akamwambia yale ya Jumatatu ayasahau. Ataendelea, na akitaka hata Jumapili atakuja. Nezu alisikia sauti ya kijana upande wa pili, laini, yenye adabu nyingi. Nafasi ilikuwa imeshapata mwanafunzi wa chuo, tena ameanza leo, hivyo asijisumbue kuja. Lakini Mama Nezu alikuwa amewasaidia sana, na duka zima lilikuwa linamwombea.

"Usi—" Sanae alisema, lakini kijana alikuwa ameshamaliza.

Sanae alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na siku zote nywele zake hazikuvuka masikio. Zilishuka taratibu, nyeupe kwenye mashina, zikafunika ukosi wa sare ambayo hakuwa na haja nayo tena. Alikaa kwenye ngazi ya ukumbini kando ya mumewe, akayanyoosha magoti yake mbele. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi yalikuwa yamepumzika jioni, na Nezu hakuweza kuyatazama.