Neno Moja Kutoka kwa Mwalimu Chipojola

Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwa Mwalimu Chipojola: atamke mbele ya watu kwamba hawezi. Sikutaka aniombe radhi wala apige magoti. Aseme "simuwezi", basi, kama nilivyosema mimi, halafu tuone zamu hii nani atacheka.

Maana mimi ndiye niliyelisema kwanza. Nilikuwa nafundisha darasa la kwanza kwenye shule yetu hapa chini ya mlima wa Dedza, watoto wamejazana sakafuni mpaka huna pa kuweka mguu, na kati yao alikuwemo Falesi, binti wa dada yangu Zelifa. Akiwa mdogo Falesi aliugua homa ya uti wa mgongo. Homa ikamwachia uhai, ikaondoka na masikio. Nilimfundisha mwaka mzima. Nilichora, nilipunga mikono, nilimkalisha mbele, nilimshika kidevu ili anitazame. Mwaka ulipoisha alikuwa ananakili ubao mzima kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, na katika yote aliyoandika hakujua maana ya neno hata moja. Nikaenda kwa mwalimu mkuu, Bwana Namalomba, nikamwambia ukweli: mtoto huyu simuwezi, na hapa sioni wa kumuweza. Kuna shule ya masista ya watoto viziwi, kule wanasema kwa mikono. Apelekwe.

Tulikuwa kwenye chumba cha walimu, na Chipojola alikuwa pale anakula karanga.

"Humuwezi?" akasema, akaweka karanga chini. "Madamu, mwalimu hasemi siwezi. Ukienda hospitali, daktari akakwambia siwezi, si utatoka mbio? Mleteni kwangu. Hajazaliwa mtoto wa kunishinda mimi."

Walimu wakaangua kicheko. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Madamu Siwezi. Ilifika mahali hata mama muuza mandazi wa getini ananiuliza, "Madamu Siwezi, leo nikufungie mangapi?" Nilimeza. Nikajisemea, kama kweli atamfundisha mtoto wetu, acha waniite wanavyotaka.

Falesi akavushwa akawekwa kwa Chipojola, na huko akakaa miaka miwili.

Ni lazima niseme darasa la Chipojola lilikuwaje, kwa sababu sifa yake yote ilikuwa kwenye kelele. Alikuwa na watoto wapatao tisini. Akimaliza kueleza jambo anageuka, anainua nyusi, anauliza, "Tumeelewa?" Nao wanajibu kwa pamoja, "Tumeelewaaa, Mwalimu!" mpaka mbuzi walioko uwanjani wanainua vichwa. Wageni wakija shuleni wanapelekwa kwake. Alikuwa amehudhuria kila semina ya watoto wenye mahitaji maalumu iliyofanyika wilayani, na kila semina alirudi na kofia mpya. Wageni hao anawaonyesha Falesi, aliyekaa mstari wa mbele akipanua mdomo pamoja na wenzake. "Mnamwona yule? Ni kiziwi. Lakini anajibu sawa na wenzake." Wageni wanatikisa vichwa kwa mshangao.

Nami nilijua mtoto anapanua mdomo kwa sababu midomo yote inapanuka. Zelifa pia alijua. Nyumbani Falesi alikuwa kimya, akitaka kitu anakuvuta nguo.

Siku ya kufunga muhula wa pili, katika mwaka wa pili, ndipo Chipojola aliponitia moto. Kwetu siku hiyo wazazi wote huja, na majina ya waliofaulu husomwa uwanjani. Ukisikia jina lako unakimbia mbele, mama yako anapiga vigelegele, anakuja kukufunga kitenge mabegani. Chipojola akamwita msichana aliyekaa bega kwa bega na Falesi. Msichana akainuka, akakimbia. Falesi akaona mwenzake anakimbia, akadhani wameitwa wote, naye akainuka akakimbia, anacheka. Zelifa alikuwa ameshakikunjua kitenge.

"Rudi, binti," Chipojola akasema, huku akimwashiria kwa kidole kama anafukuza kuku. "Hata mbinguni usipoitwa huingii."

Uwanja mzima ukacheka. Falesi akarudi, bado hajui amekosea nini. Dada yangu akakikunja kitenge chake polepole, pindo juu ya pindo, akakiweka chini ya paja, akakikalia.

Nilimfuata Chipojola nyuma ya vyoo vya walimu. "Kaka, kila mgeni unamwambia mtoto anaelewa. Mbona umemfelisha?"

"Anaelewa sana," akanijibu. "Ni mvivu tu. Nadhani uvivu huo ni wa ukoo, Madamu, au sivyo?"

"Basi mwambie mkaguzi humuwezi, masista wampokee. Wanataka neno la mwalimu wa darasa lake, na watoto wakishatimiza miaka kumi na moja hawawachukui kuanza. Novemba Falesi anatimiza."

"Niseme simuwezi? Mimi?" Akacheka, akaweka mkono begani kwangu. "Jina hilo lina mwenyewe, dada yangu."

Nilikwenda nyumbani nikachemsha maharagwe mpaka yakaungua. Nikaapa kwamba atalisema.

Muhula uliofuata nafasi ikajileta yenyewe. Mkaguzi wa kanda, Mama Nyangulu, alitangaza kwamba atawaleta walimu wa shule jirani waje kumtazama Chipojola akifundisha, wajifunze kwake namna ya kuchanganya watoto wa kila aina darasani. Wiki moja kabla ya hapo Chipojola akaenda semina. Bwana Namalomba akauliza nani atamshikia darasa. Nadhani mkono wangu ulipanda kabla hajamaliza swali.

Nikawafundisha watoto wale kila kilichokuwa kwenye ratiba, nisije nikalaumiwa. Halafu nikawafundisha mchezo. Kitenge changu kikiwa kiunoni, tunajibu kama kawaida. Nikikihamishia begani, tunajibu kwa mdomo tu, sauti haitoki. Atakayetoa sauti ameungua, anatoka. Watoto wanapenda mchezo kuliko chakula. Siku ya tatu walikuwa wanaweza kusema jedwali zima la kuzidisha bila hata mmoja kupumua kwa nguvu.

"Na Mwalimu mwenyewe akituuliza?" msichana mmoja akataka kujua.

"Hapo ndipo penye raha. Na akikasirika, semeni ni mimi niliyewatuma."

Falesi sikumfundisha. Ningemfundishaje? Yeye kila siku alikuwa akijibu kwa mdomo mtupu, ndivyo nilivyoamini. Kwake darasa lingekuwa lile lile.

Siku ikafika. Wageni walikaa kwenye mabenchi nyuma ya darasa, Mama Nyangulu katikati yao, mwanamke mnene mwenye miwani, mpole wa maneno. Mimi nilisimama kando ya dirisha, kitenge kiunoni. Chipojola aliingia amevaa kofia mpya na ameshika mhindi mzima uliong'olewa na mizizi yake.

Alianza vizuri, sitamnyima. "Hii ni nini?" "Mizizi!" "Kazi yake?" "Kunywa maji!" Paa lilitetemeka. Wageni wakatazamana kwa kuridhika. Akawageukia, akaanza kuwaelezea jinsi ambavyo mwalimu anayejiamini hamwachi mtoto yeyote nyuma, na jinsi ambavyo neno siwezi ni ugonjwa wa walimu wavivu. Akanitupia jicho.

Nikatoa kitenge kiunoni, nikakiweka begani.

"Tumeelewa?" akauliza, macho bado yako kwangu.

Midomo tisini ikafunguka, ikafumba. Kimya.

Alikuwa ameshaanza kutabasamu, na lile tabasamu likabaki pale pale. "Tumeelewa?"

Midomo ikaenda tena. Chipojola akatia kidole sikioni, akakichezesha. Mgeni mmoja akakohoa, na Chipojola akashtuka kwa kukisikia kikohozi. Jasho likaanza kutoka chini ya kofia. "Nyie! Mnasema nini?" Akamwinamia mtoto wa mbele, akamkodolea macho mdomoni, akahamia kwa wa pili. Watoto walikuwa wanajibu kwa bidii, macho yanawameremeta kwa kicheko, na yeye anahangaika kutoka mdomo hadi mdomo, haambulii kitu. Nilimtazama nikasikia utamu mpaka kwenye meno. Onja, bwana. Onja tu kidogo.

Akamwinulia nyusi wa tatu, ndipo sauti ikatoka.

"U-ee-eewaaa, waa-uuu!"

Ilikuwa sauti nzito, iliyopinda, kama mtu anayeita kutoka ndani ya mtungi. Ilikuwa ya Falesi. Mshipa ulikuwa umemsimama shingoni. Kumbe hakuwa akipanua mdomo tu. Miaka yote miwili alikuwa akipiga kelele kwa nguvu zake zote, chini ya sauti za watoto tisini, na hakuna aliyewahi kumsikia, hata mimi mama yake mdogo niliyejifanya namjua. Hilo sikulipanga.

Chipojola alikuwa anazama, akaona kamba. "Mmesikia?" akapaza sauti, akanyoosha mhindi juu. "Mmemsikia? Kiziwi anasema! Nimewanyamazisha wenzake makusudi, ili mumsikie kwa masikio yenu!"

Wageni wakasimama. Walipiga makofi, na mwalimu mmoja mama mtu mzima akafuta machozi kwa ncha ya gauni. Mama Nyangulu akamshika Chipojola mkono. "Mungu akubariki, Mwalimu." Kisha akamgeukia Bwana Namalomba. "Huyu ndiye mliyekuwa mnaniambia aende kwa masista? Masista wa nini tena, na mwalimu mnaye?"

Niliiona nafasi ya Falesi inaondoka, na aliyeifukuza ni mimi kwa mchezo wangu. Hasira ikanipanda upya, na safari hii haikuwa na utamu.

"Hongera, Mwalimu," nikasema kwa sauti. "Kwa kuwa anasema, muulize jina lake."

Chipojola akanitazama. "Madamu, hatuna muda."

"Jina tu. Halichukui muda."

"Muulize," Mama Nyangulu akasema, bado anatabasamu.

Akainama mbele ya Falesi. "Jina lako nani?"

Falesi alimtazama mdomo. Mdomo ulipofumba na nyusi zikainuka, alijua zamu yake imefika. "U-ee-eewaaa, waa-uuu!"

Mtu akaguna.

"Muulize mama yake anaitwa nani."

"Madamu..."

"Muulize!"

Akauliza. "U-ee-eewaaa, waa-uuu!"

"Sasa muulize nani ameiba kuku wa mwalimu mkuu."

Hapo hakuuliza. Lakini aliinua nyusi kwa kunishangaa, na hilo lilimtosha Falesi. Tumeelewa, Mwalimu! Mabenchi ya nyuma yakaanza kucheka. Mama Nyangulu akavua miwani, akaja mwenyewe, akachuchumaa. "Mwanangu, hebu niambie. Mwalimu wako amekufundisha nini?"

"U-ee-eewaaa, waa-uuu!"

Darasa zima likaangua kicheko. Walimu walicheka wakishikana mabega, watoto walicheka kwa sababu wakubwa wanacheka, na mkaguzi mwenyewe akaziba mdomo kwa kiganja. Chipojola alisimama katikati na mhindi wake, udongo wa mizizi unamdondokea kwenye viatu.

"Basi, Madamu," akasema chini chini.

"Basi nini?"

"Imetosha."

"Sikusikii, Mwalimu. Paza sauti, wageni wasikie."

Akavua kofia. "Simuwezi," akasema. "Sijui hata pa kuanzia. Sijawahi kujua, tangu siku aliyoletwa."

"Ungesema siku hiyo hiyo," Mama Nyangulu akamwambia, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. Akamgeukia Bwana Namalomba. "Shule zikifunguliwa Septemba, mtoto awe kwa masista. Nitawapelekea neno mwenyewe."

Nilikuwa nimeshinda. Neno langu nilikuwa nimelipata, tena mbele ya shule sita, na hakuna aliyethubutu kuniita Siwezi tena. Sitajifanya kwamba sikufurahi.

Lakini kicheko hakikuwa kimeisha. Falesi aliwageukia watu, akaona kila uso umefunguka meno, naye akacheka. Kwenye darasa lile mtoto akijibu vizuri husogea mbele na kupigiwa makofi. Miaka miwili alikuwa amewatazama wenzake wakipigiwa. Akainuka, akasogea mbele, akasimama kando ya ubao wima kabisa, mikono imenyooka, kidevu juu, anangoja.

Hakuna aliyepiga. Chipojola alikuwa anatazama viatu vyake. Falesi akanitafuta kwa macho mpaka akaniona dirishani.

Nikapiga makofi. Watoto wakanifuata, darasa zima. Falesi akajaa furaha, akavuta pumzi, akatupigia tena ile kelele yake, kubwa kuliko zote, na watu wakacheka upya. Nami nikaendelea kupiga makofi, kwa sababu sikujua, kwa mdomo wala kwa mkono, namna ya kumwambia wanacheka nini.