Honorable Bertin na Gati la Kazimia

Kabla hajawa mbunge, Bertin alikuwa na duka la mabati na simenti pale Baraka, na boti mbili zilizokwenda Kazimia kuchukua ndagala, dagaa wa ziwani. Kungoja hakukuwa kazi yake. Injini ikikorofisha aliifungua mwenyewe, mikono ikijaa mafuta, na kabla ya saa sita boti ilikuwa tayari ziwani.

Kazimia hapakuwa na gati. Boti zilisimama mbali na ufuko, na akina mama waliouza samaki waliingia majini hadi kifuani, mabeseni kichwani. Wimbi moja likitokea, kazi ya asubuhi nzima ilirudi ziwani. Kiongozi wao, Clarisse, aliwahi kumvuta mwenzake kwa nywele alipokuwa anazama. Mwaka 2018 Bertin alipogombea kiti cha bunge la jimbo, alitoa ahadi moja tu: gati. Alisema nguzo thelathini na wiki mbili zinatosha. Watu walimwamini, kwa sababu nusu ya nyumba za Baraka zilikuwa zimeezekwa kwa mabati yake.

Alishinda. Huko Bukavu, kwenye bunge la jimbo, alifundishwa jambo ambalo hakuna aliyemwambia wakati wa kampeni: mbunge hajengi, mbunge anauliza. Basi akauliza. Mara ya kwanza waziri alikuwa safarini. Mara ya pili waziri alikuwepo, ila swali halikuwa kwenye orodha ya siku hiyo. Mara ya tatu lilipelekwa katika komisyo, kamati ya bunge, na komisyo ikaomba utafiti. Baada ya mwaka mmoja wahandisi walifika Kazimia, wakapima, wakapigilia vigingi vyekundu, wakala samaki kwa Clarisse, wakaondoka.

Kisha ziwa likapanda. Maji yalimeza safu nzima ya nyumba za ufukoni pamoja na vile vigingi. Bertin alipofuatilia, alijibiwa kwamba utafiti haulingani tena na mahali penyewe, kwa hiyo ufanywe mwingine. Timu ya pili ilikuja, ikapima, na maji yakasogea tena.

Mkewe, Émilienne, ndiye aliyebaki na duka, na ndiye aliyepokea wageni kila Jumapili baada ya ibada. Waliketi uani wakiuliza habari za gati. Alichoka kueleza maana ya utafiti, hasa kwa kuwa yeye mwenyewe hakuielewa.

Mwaka wa nne Bertin alisema inatosha. Alipakia mbao na misumari kutoka dukani, akachukua maseremala wanne, akaenda Kazimia kwa boti yake. Kwa siku sita alikuwa mtu yule wa zamani, suruali imekunjwa magotini, akibishana kuhusu urefu wa nguzo. Siku ya saba alikuja kijana mpole wa Nundu, jina lake Wilfried, aliyetumwa na serikali kusimamia ufuko. Alikuwa ameshika viatu mkononi ili visilowe. Alisoma karatasi za sheria ya jimbo: hakuna ruhusa ya kujenga chochote ndani ya mita hamsini kutoka majini bila kibali. Kazi isimame.

Bertin aliuliza ni nani aliyeandika upuuzi huo.

“Ni nyinyi, Honorable,” Wilfried alisema, akamwonyesha ukurasa wa mwisho, penye majina ya wabunge walioipitisha.

Ndipo Bertin alipoikumbuka siku ile bungeni. Walikuwa wamekaa tangu asubuhi, karatasi zilifika saa nane, kiongozi wa kikao akaomba mikono, na mikono yote ikainuka. Yeye aliinua wake kwa sababu alitaka kuwahi gari la Uvira, njia ya kurudi nyumbani, kabla mvua haijafunga barabara.

Clarisse alikuwa amesimama karibu, beseni tupu kiunoni. Hakupaza sauti.

“Miaka ine yote, mi nilikuwa naona iko bantu bengine banatuzuia,” alisema. “Kumbe iko mukono yako.”

Maseremala walikaa juu ya mbao zao wakitazama pembeni. Alasiri hiyo Bertin aliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akaisoma sheria yote, kurasa kumi na tisa, kwa mara ya kwanza. Katika kifungu cha kumi na nne alikuta kwamba chama cha wavuvi au cha wauza samaki kinaweza kujenga gati la mbao ikiwa chenyewe kitaomba na chefu, mtawala wa kimila wa eneo, akatia sahihi. Hakuna mbunge, hakuna wahandisi. Alirudia kusoma mara tatu, na kila mara hasira ilizidi. Tangu sheria hiyo ipite, mlango ulikuwa wazi, naye alikuwa akigonga mwingine.

Akampelekea Clarisse kifungu hicho. Élie, katibu wa kanisa lao, aliandika ombi kwenye karatasi ya daftari la shule, chefu akatia sahihi, na siku ya tisa Wilfried mwenyewe alileta kibali. Mbao za Bertin zilipokewa kama zawadi, kwa sharti moja la Clarisse: asitoe hotuba. Hakutoa. Gati lilipokamilika, siku ya ufunguzi walikuja wanasiasa wawili ambao hawakuwahi kukanyaga Kazimia, wakahutubia karibu saa mbili, huku akina mama wakiendelea kushusha mabeseni nyuma yao.

Uchaguzi wa 2023 ulipokaribia, watu wa chama walimfuata dukani. Aliwajibu kuwa amemaliza, anarudi kwenye mabati. Émilienne, aliyengojea maneno hayo miaka mitano, aliweka chini kalamu yake.

“Papa Lionel,” alisema, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, “sasa ndiyo umejua kusoma sheria, na sasa ndiyo unaacha? Basi hii miaka yote tuliteseka ya nini?”

Bertin alipeleka karatasi zake za kugombea siku ya mwisho, akinung'unika njia nzima. Walimchagua tena, kwa kura chache kuliko mara ya kwanza, na mahali alipopata chache kuliko kote ni Kazimia, ambako hawakuusahau mkono wake.